Nina dola 400 na nataka upinde wa kampaundi: ninunue upi?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni baba wa watoto watatu, nina miaka 38, naishi Louisville, Kentucky. Nilizaliwa Fizi, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na huku nilifika na familia mwaka 2016. Nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku.

Mambo yalianzia shuleni kwa mwanangu Riziki, yuko darasa la sita. Shule yao ina timu ya upinde, na siku moja walitukaribisha wazazi na sisi tujaribu. Nikachukua upinde wa Riziki, nikavuta, nikaachia. Mshale wa kwanza tu ukagonga karatasi. Mwalimu, sijui nikuelezeje. Babu yangu alikuwa na upinde wa mti uliotundikwa juu ya mlango, na sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuugusa. Nilipoachia ule mshale nilimkumbuka mpaka machozi yakanilenga. Nimerudi pale mara nne. Mwalimu wa timu huniachia nipige kidogo watoto wakimaliza. Mishale yangu si mibaya, isipokuwa yote inapenda kwenda kushoto, ila hilo nadhani ni mazoezi tu.

Sasa nataka upinde wangu mwenyewe, huu wa kisasa wa puli. Nimedunduliza dola 400 kutoka ovataimu. Njia nilizoziona ni tatu. Mwenzangu kazini, anayewinda kulungu, anauza upinde wake wa zamani kwa dola 150. Umeandikwa pauni 70. Nilipoujaribu sikuweza kuuvuta mpaka nilipouelekeza juu darini, na ulipofika mwisho uzi ulikuwa umepita sikio na kiwiko cha kushoto kimekakamaa. Anasema nitauzoea. Njia ya pili ni mtandaoni: dola 99, kila kitu kimo kwenye boksi, hadi mishale 12, lakini kampuni yenyewe siijui. Ya tatu ni duka la pinde lililo mwendo wa dakika 40 kwa gari. Hilo naliogopa. Naona wataniuliza maswali nisiyoyaelewa, kisha waniuzie kitu cha dola elfu.

Mke wangu anasema nachezea hela kwa mchezo wa watoto. Ninunue upi? Na mishale ya shuleni ya Riziki naweza kuitumia kwenye upinde wangu? Na yeye je, anaweza kuutumia upinde wangu?

Baba Riziki, Louisville

Marahaba, Baba Riziki.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niligota kwenye maneno uliyoyapitia haraka: mishale yote inapenda kwenda kushoto. Wewe umeona ni uchanga. Inawezekana, maana mtu akiubana mno mpini wa upinde, mshale hupotoka. Lakini mtu anayepiga kwa mkono wa kulia, tena kwa upinde wa shule usio na saiti ya kulengea, akiniambia mishale yote inakwenda kushoto, mimi kwanza nalishuku jicho.

Wengi wetu tuna jicho moja linalomtawala mwenzake, na si lazima liwe upande wa mkono unaoandikia. Jaribu hapo ulipo. Nyoosha mikono yote miwili mbele, kutanisha viganja ubakishe kitundu kidogo katikati, halafu kwa macho yote mawili tazama kupitia kitundu hicho swichi ya taa iliyo ukutani. Sasa fumba jicho la kushoto. Swichi ikibaki pale pale, jicho lako tawala ni la kulia. Ikitoweka, muda wote ulikuwa unaitazama kwa la kushoto. Rudia mara tatu, usijidanganye. Ukivuta upinde kwa mkono wa kulia, mshale unakaa chini ya jicho la kulia. Kama anayelenga ni la kushoto, unaisogeza ncha kushoto bila kujijua ili iingie kwenye mstari wake, na mshale unafuata ncha.

Nimelianza hili kabla ya bei kwa sababu upinde wa mkono wa kulia haugeuzwi ukawa wa kushoto. Mpini wake umechongwa upande mmoja. Ikiwa jicho lako ni la kushoto, upinde wa mwenzako umeshatoka kwenye hesabu hata angekupa bure. Wapo wanaofumba jicho au kuliziba kwa kitambaa wakaendelea kwa mkono wa kulia, na wanapiga vizuri. Lakini wewe umepiga mara nne tu, mwili wako haujajenga mazoea yoyote. Mtu kama wewe mimi namwanzisha kwa mkono wa kushoto. Wiki mbili tatu atajiona mzito kama anayekula kwa mkono asioutumia, kisha inazoeleka.

Tuje kwenye ule upinde wa Riziki, maana ndio uliokupa picha isiyo kamili. Kentucky ndiko mpango wa upinde mashuleni ulikoanzia, mwaka 2002, na watoto wote kwenye mpango huo hutumia upinde wa aina moja, Genesis. Nguvu yake ya kuvuta ni pauni 10 hadi 20 tu. Zaidi ya hapo, waliouunda waliondoa makusudi kitu ambacho pinde nyingine za kampaundi zinacho: hauna nafuu ya mwisho. Uzito ni ule ule njia nzima, na hauna mahali unapogota. Ndiyo maana unamfaa mtoto wa miaka 10, unakufaa na wewe, bila kupimwa. Ukatoka pale ukiamini kwamba pinde hizi ziko hivyo zote, tofauti ni nguvu tu.

Haziko hivyo. Mvumbuzi wa upinde wa kampaundi ni Holless Wilbur Allen, mtu wa Missouri, aliyeomba hataza mwaka 1966 na kupewa mwaka 1969. Alifunga puli kwenye ncha za upinde, na puli hizo hazizunguki kama gurudumu la baiskeli, maana ekseli yake haiko katikati. Siku hizi zina umbo la yai na tunaziita kamu. Mwanzoni unavuta uzito wote, ukikaribia mwisho kamu inageuka na mzigo unaporomoka ghafla, kwa pinde nyingi asilimia 65 hadi 85. Upinde wa pauni 40 wenye nafuu ya asilimia 75 unakuachia pauni 10 za kushikilia, yaani kilo 4 na nusu. Hapo unaweza kutulia, kupumua, na kulenga. Kisha uzi unagota, hauendi mbele zaidi, kama mlango uliofika kwenye fremu.

Mahali unapogota ndipo kwenye shida yako. Umbali huo ndio urefu wa kuvuta. Umepangwa kwa inchi, na unatakiwa ulingane na mikono yako. Uliponiambia uzi ulipita sikio na kiwiko kikakakamaa, uliniambia kwamba urefu wa kuvuta wa upinde ule umekuzidi, labda kwa inchi mbili. Hilo halizoeleki. Upinde wangu wa kwanza niliuziwa wa inchi 29 na mimi ni mtu wa inchi 27. Muuzaji aliniambia mrefu ni bora kwa sababu unarusha kwa kasi. Kasi niliipata. Nikapata na uzi uliokuwa ukinichapa mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kifundo, kila mshale wa tatu au wa nne, mpaka ngozi ikawa na rangi ya zambarau iliyoiva. Nilivaa mikono mirefu mwezi mzima ili nyumbani wasinione. Kibaya zaidi, nilianza kufumba macho kabla ya kuachia, na tabia hiyo ilinichukua mwaka kuiondoa, wakati upinde wenyewe nilishauuza kwa nusu ya bei.

Urefu wako wa kuvuta ni rahisi kuukadiria. Simama umeegemea ukuta, nyoosha mikono yote pembeni kama msalaba bila kujivuta, mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati. Gawanya kwa 2.5. Ukipata inchi 68, jibu ni 27 na ushei, na mimi ningekuanzishia 27. Mtu mwenye ujuzi atakurekebisha kwa nusu inchi akikuona umevuta.

Halafu hizo pauni 70. Ni karibu kilo 32. Wewe umekulia Nyarugusu, unajua uzito wa ndoo ya maji ya lita 20. Pauni 70 ni ndoo moja na nusu na zaidi, unaivuta kwa vidole na mgongo, mara 60 au 80 kwa jioni moja. Mashindano ya kimataifa ya kampaundi hayaruhusu kabisa upinde unaozidi pauni 60. Mtu anayelazimika kuelekeza upinde juu ndipo auvute anaomba msaada wa bega, na bega likiumia utakaa nje ya uwanja miezi, huku ghalani bado unatakiwa kubeba maboksi. Kipimo changu ni hiki: keti kwenye kiti, elekeza mshale kwenye shabaha, vuta moja kwa moja bila kuupandisha upinde. Ukishindwa, punguza. Wewe anza na 40. Kwenye shabaha ya mita 18 pauni 40 zinatosha na kubaki.

Kwa hiyo mwenzako mshukuru, usinunue. Hata angekushushia bei, upinde wa miaka mingi unahitaji nyuzi mpya, na nyuzi hizo haziwekwi nyumbani, zinahitaji mashine ya kubana upinde. Ukilipa nyuzi na fundi, ile 150 inakaribia 300, na bado upinde si wa kipimo chako.

Ule wa dola 99 siwezi kukushauri. Si kwamba kila cha bei ndogo ni kibaya. Tatizo ni kwamba upinde uliovutwa umebeba nguvu nyingi mbele ya uso wako, na mimi nataka kujua aliyeutengeneza ni nani, nyuzi zake mbadala zinapatikana wapi, na nani atanijibu bawa, yaani mkono wa upinde unaojipinda, likipasuka. Boksi lisilo na majibu hayo ni mbuzi kwenye gunia. Tena ile mishale 12 imewekwa mle bila mtu kujua urefu wako wala pauni utakazovuta.

Imebaki njia uliyoiogopa, na ndiyo yako. Nenda dukani, ila usiende kununua siku ya kwanza. Maduka mengi ya pinde yana uwanja wa ndani na pinde za kukodi kwa saa. Ingia useme hivi: mimi ni mwanafunzi, jicho langu tawala ni hili, nimejipima nikapata inchi hizi, nataka kuanza na pauni 40, leo nataka kujaribu tu. Mtu anayeingia na maneno hayo hasumbuliwi. Na ukimwona muuzaji anakukimbizia upinde wa dola elfu kabla hajakupima mikono, ondoka bila kuona haya.

Baada ya mara tatu nne, utafute upinde unaorekebishika. Zipo pinde mbili ninazozifahamu vizuri: Bear Cruzer G2, unaokwenda kutoka inchi 12 hadi 30 na pauni 5 hadi 70, na Diamond Infinite Edge Pro, inchi 13 hadi 31, pauni 5 hadi 70. Zote mbili zimetengenezwa zirekebishwe bila ile mashine ya kubana. Leo unauweka 40, miezi sita baadaye ukiona mgongo umeiva unapanda 45, upinde ni ule ule. Ukiwa mpya na vifaa vyake, saiti, egemeo la mshale na podo, unaweza kumeza dola zako 400 zote, na bado hujanunua mishale. Kwa hiyo kwa mfuko wako mimi ningetafuta uliotumika, lakini kupitia duka, ukakaguliwa na fundi mbele yako. Ikiwa ni wa mkono wa kushoto utasubiri zaidi, kwani ni adimu, ila wanaozigombania nao ni wachache na bei hulegea.

Ukiushika, pitisha pamba taratibu juu ya mabawa, juu na chini. Pamba ikinasa nyuzinyuzi, kuna ufa umeanza, urudishe. Tazama ukingo wa kamu kama una pengo au umejipinda. Tazama uzi pale unapoingia kwenye kamu. Ukiona umechanua manyoya, dai upunguziwe bei ya uzi mpya. Na usibabaishwe na namba ya kasi. Ukiambiwa futi 315 kwa sekunde, jua imepimwa kwa pauni 70, inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350, yaani karibu gramu 23. Wewe mwenye inchi 27 na pauni 40 hutaiona, wala huihitaji.

Tenga dola 100 kati ya hizo 400 usiziguse kwa ajili ya upinde. Ni za mishale sita ya kaboni na kifyatulio. Kifyatulio ni kile cha kufunga kwenye kifundo cha mkono, kinashika kitanzi cha uzi badala ya vidole. Riziki anavuta kwa vidole kwa sababu Genesis inaruhusu, lakini hizi pinde fupi uzi wake unapinda kwa pembe kali na vidole vitaubana na kuuyumbisha. Jambo moja la kifyatulio, na hapa nakusihi: unapovuta, kidole cha shahada kikae nyuma ya kitufe, si juu yake, mpaka umegota na umelenga. Kikiachia katikati ya safari, ngumi yako inakuja mdomoni.

Mishale ya Riziki iache shuleni. Ni ya alumini, imechaguliwa kwa upinde wa pauni 20. Mshale ukiachiwa hujipinda kama samaki anayeogelea, kisha hujinyoosha, na kila nguvu ya upinde ina kiasi cha ugumu kinachoifaa. Ugumu huo maduka huuita spaini. Wanauegemeza mshale kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28, wananing'iniza uzito wa pauni 1.94 katikati, wanapima umebonyea kiasi gani. Ukibonyea nusu inchi unaitwa 500. Namba ikiwa ndogo mshale ni mgumu. Kwa pauni 40 na urefu wako utaangukia 500 au 600, fundi ataangalia jedwali. Na mshale usiwe chini ya greni 5 kwa kila pauni unayovuta, yaani kwa pauni 40 usipungue greni 200. Mshale mwepesi mno hauchukui nguvu yote, inayobaki inarudi kwenye upinde.

Hapo nimefika kwenye jambo ninalolirudia kila Jumamosi mpaka wanafunzi wangu wanalisema pamoja nami. Upinde usiachiwe bila mshale. Kamwe. Nilikuwa uwanjani siku kijana wa miaka 16 alipookota upinde wa mjomba wake mezani, akauvuta kuona kama ataweza, ukamponyoka. Mlio wake si wa upinde, ulikuwa kama mbao iliyovunjwa gotini. Uzi uliruka kwenye kamu, bawa la juu likapasuka urefu wa kidole, na yeye akawa na mstari mwekundu shavuni, sentimita mbili chini ya jicho. Alibaki ameshika mpini, hasemi. Nguvu ambayo ingekwenda na mshale haikuwa na pa kwenda. Wageni watakuja kwako, watauona, watasema hebu nijaribu. Mwenye upinde unatakiwa uwe wewe wa kwanza kusema hapana.

Kuhusu Riziki kuutumia, upinde unaorekebishika unaweza kushushwa hadi kipimo chake, lakini kuurekebisha huku na huku kila jioni hakuna atakayekubali, na ukisahau kuurudisha mmoja wenu ataumia. Yeye abaki na wake wa shule. Wako uufungie kabatini na kufuli, mishale mahali pengine. Na kama mnaishi kwenye nyumba ya ghorofa ya kupanga, usipige uani hata kidogo. Piga uwanjani, na kabla ya kupiga kwa rafiki mwenye shamba, ulizia sheria ya mahali hapo.

Mke wako hajakosea kuuliza. Dola 400 ni usiku mwingi wa kazi. Mwambie kwamba hununui mwezi huu, unakodi kwa saa, na baada ya mara nne mtakaa tena mzungumze. Mchukue siku moja naye ajaribu. Na hilo la mchezo wa watoto, mwambie kampaundi inaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, timu ya mchanganyiko, mwanamume na mwanamke pamoja.

Kesho kabla ya zamu mwite Riziki, mpe futi, ashike upande mmoja ukutani. Kisha niandikie vitu viwili tu: inchi alizosoma, na swichi ilibaki au ilitoweka. Nikivipata nitakuambia cha kumwambia mtu wa dukani, neno kwa neno.